Mkamwana wa Bwana Ngozi

Mimi sijui kusifia marehemu mpaka awe malaika. Nilifanya kazi na mtu huyu miaka kumi na saba, chumba kimoja, meza moja, kwa hiyo mnivumilie nikimsema kama alivyokuwa. Alikuwa na jicho kali kuliko tabibu yeyote niliyewahi kumwona. Na mdogo wangu Yustina, aliyeolewa na mwanawe, alikufa kwa kansa ya ngozi iliyoota nyuma ya sikio, hapohapo mbele ya jicho hilo. Nalisema mapema ili msije mkacheka sana huko mbele, maana alikuwa mtu wa kuchekesha.

Mji mzima wa Sumbawanga ulimwita Bwana Ngozi. Walikuwapo Bwana Shamba, Bwana Mifugo na Bwana Afya, basi naye akapewa lake. Watu wa vijijini walidhani ananunua ngozi za ng'ombe, na zaidi ya mara moja tulimkuta mtu amesimama mlangoni na ngozi mbichi begani, nzi wanamfuata. Hakukasirika. Aliwaambia yeye anashughulika na ile ambayo mwenyewe bado ameivaa, kisha anamwingiza ndani mtu wa watu na kumkagua mikono na shingo, bure. Kwao walikuwa wafugaji waliohama na ng'ombe wao kutoka Usukumani wakateremkia Bonde la Rukwa. Kifipa alikisema kwa lafudhi ya kuchekesha, na hakuona haya. Zaidi ya hapo sikuwahi kumuuliza habari za ukoo.

Hakuwa daktari, alikuwa tabibu aliyesomea ngozi, ingawa kila mtu alimwita daktari nami nikamwita hivyohivyo. Chumba chetu kilikuwa mwisho kabisa wa jengo la wagonjwa wa nje, na dirisha lake tuliliziba kwa blanketi la kijivu. Kazi yangu, mimi muuguzi, ilikuwa kushusha blanketi, kushika chupa ya mafuta na kuandika. Yake ilikuwa kutazama.

Alitazama kwa lenzi yenye taa aliyoachiwa na daktari mmoja wa kigeni aliyemaliza mkataba. Ilikuwa ndogo kama tochi ya mkononi, na kichwani ilikuwa na kioo cha duara chenye balbu ndani. Ngozi kavu, alinifundisha, inaurudisha mwanga kama bati jipya. Lakini ukiidondoshea mafuta na kukikandamiza kioo juu yake, mng'ao unakufa, na unaona chini ya ngozi kama unavyoona changarawe chini ya maji yaliyotulia. Kitabu kilitaka mafuta maalumu. Sisi tulitumia ya alizeti, yaliyokamuliwa hapahapa, na wagonjwa wetu walitoka wakinuka vitumbua.

Betri zilikuwa kero. Zamani hazikupatikana kabisa. Ilipokuja miaka ya ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa, kila kibanda cha Majengo kilikuwa nazo, za rangi zote, ila nyingine hazikumaliza wiki. Zikichoka alizipanga dirishani zipate moto zifufuke kidogo, akisema betri ndizo pekee anazoziruhusu kuota jua.

Maana kuota jua ndiyo ilikuwa vita yake. Nyie mnaoishi kwenye joto hamtaelewa. Huku uwanda wa juu, Juni na Julai upepo unakata masikio, na asubuhi watu wote wanajipanga ukutani upande wa mashariki wakipukuchua mahindi huku wanaota jua. Kwa kuwa mwili unahisi baridi, watu wanaamini kuwa jua letu haliunguzi. Na walioliamini hilo kuliko wote ni mama za watoto wenye ualbino, kwa sababu watoto wale walitetemeka kama wengine na walipenda ukuta kama wengine. Bwana Ngozi akipita na baiskeli yake alikuwa anashuka, anamnyanyua mtoto wa watu bila kubisha hodi, na kumweka kivulini. Siku moja kule Chanji mama mmoja alimfuata akamuuliza, sasa huko kivulini mtoto atakufa kwa baridi, yeye atamletea moto? Alivua koti lake akamvika mtoto, akaendesha baiskeli mpaka kazini na shati tupu, na wiki ile nzima alikohoa.

Tangu siku hiyo hakukosa siku ya kufungua belo la mitumba. Mzee mzima, viatu vimepigwa kiwi, anapigana vikumbo na akina mama akitafuta masweta ya watoto na kofia zenye ukingo mpana. Alipata nzuri, alipata na vituko. Kuna mchunga ng'ombe mmoja mwenye ualbino kutoka upande wa Kalambo aliyekuja kliniki mwaka mzima na kofia ya harusi ya Kizungu, maua ya plastiki yamezunguka pande zote. Wenzake walimcheka. Bwana Ngozi alimwambia awaache wacheke, wao ndio watakaomzika au yeye ndiye atakayewazika? Yule kijana yuko hai mpaka leo, ana wajukuu.

Sasa niseme na hili, maana nimeahidi ukweli. Mtu huyuhuyu, mke wake alikuwa na duka Majengo, na katika duka hilo rafu ya juu ilikuwa ya krimu za kujichubua. Miaka ya ruksa ziliingia kwa makatoni. Asubuhi tulikuwa tunamtibu msichana aliyeungua mashavu kwa mkorogo, na Bwana Ngozi anamhubiria mpaka analia. Jioni anapita dukani kumchukua mkewe, anasimama ameipa mgongo ile rafu, anazungumza habari za mvua. Nilimwambia siku moja. Alinijibu kwamba duka ni la mama, na yeye macho yake ni ya kazini. Nilidhani ni mzaha, nikacheka.

Msemo wake mkubwa ulikuwa, "Usiniambie, nionyeshe." Mgonjwa akianza kusimulia kidonda kilivyoanza, anakatwa kauli, vua shati tuone. Mwenzake akimpigia simu kutoka wilayani kumweleza uvimbe, anamwambia mpandishe kwenye lori aje. Alisema maneno hayana damu. Mimi alinifundisha kwa ukali, nikitazama wagonjwa aliokwisha kuwatazama, na ole wangu nikiongeza au nikipunguza. Kati ya yote aliyonifundisha, alirudia moja kuliko mengine: kwenye ukingo wa kipele kigumu, ukiona mishipa midogo ya damu imejikunja kama pini za nywele, usingoje. Hata iwe moja. Mpeleke mtu akakatwe.

Na alikuwa na ulimi. Mwaka mmoja alikuwa likizo, nikaona pini kwenye mkono wa mama mmoja kutoka Laela, nikampa barua ya kwenda hospitali kubwa Mbeya. Barabara ya siku zile mnaijua wenyewe. Kule wakamwambia ni kovu la kuungua na mafuta, akarudi, akanisimamia mlangoni akanitukana tangu mimi hadi bibi yangu. Bwana Ngozi aliporudi alicheka mpaka akatoa kitambaa. Miezi mingi baadaye, mgonjwa yeyote akiwa na kovu, alikuwa anamwambia mbele yangu amshukuru Mungu hajakutana na Sista, angekuwa Mbeya saa hizi. Watu wakicheka nami nacheka. Moyoni nilijiapiza kwamba sitachekwa tena vile.

Yustina nilimleta kwake akiwa na miaka kumi na miwili. Nyumbani kwetu yeye peke yake ndiye aliyezaliwa na ualbino, na mama yangu alikuwa anamvisha nguo ndefu akidhani hiyo inatosha. Macho yake yalikuwa dhaifu, ubaoni hakusoma kitu hata akikaa dawati la mbele. Siku ya kwanza Bwana Ngozi alimtazama paji la uso, masikio, midomo na mikono, dakika arobaini nzima, na mwisho akampa lenzi ajitazame mwenyewe mkono wake. Mtoto aliganda. Hakuwahi kuona kitu chochote karibu na wazi namna ile. Akauliza kama ndani ya watu wote kuna njia nyekundu vile. Bwana Ngozi akamwambia ndiyo, bosi, hata ndani ya mkuu wa mkoa.

Wakapendana hivyo. Kila baada ya miezi mitatu alikuja, naye alimwita bosi, na bosi alimjibu mzee wa watu maneno ambayo mimi nisingethubutu. Alipokuwa na miaka kumi na sita, lenzi iliona kitu juu ya nyusi, kidogo kuliko punje ya ulezi. Alimkata mwenyewe palepale, mimi nikiushika mkono wake. Kipimo kilirudi kutoka Mbeya kikisema ilikuwa kansa changa, na imetoka yote. Mama yangu alimpelekea Bwana Ngozi jogoo na debe la maharage. Yustina alimwambia tu kwamba kovu limemharibia sura, achumbiwe na nani sasa? Mzee akamwambia asijali, atamtafutia.

Hakumtafutia, walitafutana wenyewe. Mwanawe alikuwa fundi redio, Yustina alikuwa na cherehani barazani kwetu Chanji, na redio yetu iliharibika mara nyingi mno kwa redio mpya. Mji ulisema ya kusema, kwamba kijana amelishwa kitu, kwamba watoto watakuwaje. Bwana Ngozi alipokea ile habari kama mtu aliyeshinda kesi. Siku ya harusi alicheza mpaka soli ya kiatu ikaachia, akasimama mbele ya watu akasema anayemcheka mkamwana wake aje amcheke kwake kwanza. Nililia siku ile kwa furaha. Nilijua mdogo wangu ameingia nyumba salama kuliko zote katika Ufipa nzima.

Miezi mitatu ilipotimia, Yustina akaja kliniki kama kawaida. Bwana Ngozi akatoka nje kwa mlango wa nyuma.

Nilimfuata uani. Kwao, baba mkwe na mkamwana hawagusani. Hampi mkono, hakai naye mkeka mmoja, chai inawekwa kwenye kigoda ndipo aichukue, na akimkuta njiani anatazama pembeni. Kwetu Wafipa nasi tunawaheshimu wakwe, lakini si kwa ukali ule. Nilimwambia hii ni kazi, si ukwe. Nilimkumbusha kwamba amemshika kichwa mtoto yule tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Akaniambia zamani alikuwa mgonjwa, sasa ni mke wa mwanawe. "Nikimshika kichwa mke wa mwanangu, Sista, kwetu mimi si mtu tena." Mtu aliyewanyang'anya waganga wagonjwa wao hadharani, aliyegombana na mapadri na madiwani, alikuwa ananiambia hivyo huku anatazama viatu vyake. Kisha akasema nitamtazama mimi. Nitazame vizuri, nichore nilichokiona, nimletee karatasi.

Basi tukafanya hivyo. Nilikuwa namtazama Yustina kwa lenzi, nachora kwenye daftari, na Bwana Ngozi anasoma mchoro nje uani, kisha ananiambia la kufanya. Miaka mitatu. Mara mbili tulikausha vipele kwa dawa ya baridi inayogandisha ngozi, tukafaulu. Nikaanza kujiona mtaalamu. Ndugu waliniuliza kwa nini hatumpeleki kwingine akatazamwe na mtu mwingine, nikawajibu kwamba jicho la Bwana Ngozi hata likiwa nje ya mlango ni bora kuliko la Mbeya.

Hakuna aliyefikiria cherehani. Macho ya Yustina yalitaka mwanga mwingi kwenye kitambaa, kwa hiyo barazani alikaa ameupa mgongo upande wa jua, kila asubuhi. Usoni kofia juu ya kilemba, mikononi mikono mirefu, na nyuma ya sikio, pale kilemba kinapopanda akiinamia kitambaa, jua lilikuwa linapiga kila siku. Alipokuwa na mtoto mchanga, wa kike, wakaja mwezi mmoja baada ya ubatizo. Bwana Ngozi aliniita pembeni, akaniambia leo nimvue kilemba, nitazame nyuma ya masikio. Sikumuuliza kwa nini leo.

Kilikuwapo. Kipele kigumu cha ukubwa wa punje ya mahindi, na gamba la njano katikati. Nikadondosha mafuta, nikabana kioo. Kwenye ukingo wa chini niliona pini mbili. Ziko mpaka sasa, nikifumba macho naziona. Nikaondoa kioo, nikarudisha, nikaziona tena, halafu nikaanza kujiambia kwamba ni mikwaruzo ya pindo la kilemba, kwamba ni pale alipojikuna. Yustina ananyonyesha, atampeleka mtoto Mbeya kwenye vumbi lile kwa ajili ya mkwaruzo? Na nilimsikia mzee akicheka, ingawa hakuwa anacheka, alikuwa uani akiingoja karatasi. Nikachora duara, nikachora gamba. Pini sikuzichora.

Aliishika karatasi ile muda mrefu kuliko siku zote. Akaigeuza kwenye mwanga. Mwisho akasema, "Hii ni sugu ya kilemba. Tutazame tena baada ya mavuno." Nami nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Baada ya mavuno kilikuwa kinatoka damu, na chini ya taya kulikuwa na tezi ngumu. Safari hii hakuna aliyechora. Walikwenda Mbeya, Yustina na mumewe, madaktari wakakata walichoweza, kutoka huko Dar es Salaam kwa mionzi. Alirudi na shingo iliyobabuka kama kuni iliyotolewa motoni, anakula uji kwa mrija. Alifariki Julai ya mwaka uliofuata, asubuhi ya baridi kali, wakati mtoto wake anajifunza kusema. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na aliniomba msamaha kwa kunisumbua. Mimi. Bwana Ngozi alisimama nje ya ua wa msiba siku zote tatu, na jeneza liliposhushwa alisimama mbali kama mila yao inavyotaka, kofia mkononi, upepo unampiga kichwani.

Alifanya kazi miaka miwili mingine. Hakunicheka tena hata mara moja, na hilo liliniuma kuliko kicheko. Alipostaafu aliniachia lenzi na blanketi, akahamia Matai, akalima. Mtoto nilikuwa namlea mimi, baba yake akija Jumapili. Kila nilipomsuka, kila nilipomgusa nyuma ya sikio, zile pini zilinijia. Ikafika mahali silali. Nikasema nitakwenda Matai nimwambie mzee ukweli, anilaani, yaishe.

Nilimkuta amekaa ndani, dirisha limefungwa. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemwingia macho yote mawili, na alikataa katakata kupelekwa kufanyiwa upasuaji. Alinitambua kwa shikamoo yangu. Mkewe akatuandalia ugali wa ulezi na samaki wa migebuka kutoka Kasanga, akatuacha akaenda kisimani. Nikavuta pumzi nianze. Akanitangulia.

Aliniambia kwamba siku ya ubatizo wa mtoto, Yustina alipiga magoti kuweka birika la maji ya kunawa, na kilemba kikateleza. Alikuwa amekaa hatua mbili kutoka pale. "Niliona, mwanangu. Sikuhitaji lenzi. Nilijua palepale."

Akaendelea, sauti yake ya kawaida, kama mtu anayetoa taarifa kazini. Aliona, akageuza uso, kwa sababu hakutakiwa kuwa ameona. Ndipo aliponituma mimi mwezi ule, nitazame nyuma ya masikio, ili mimi niseme yeye asiseme. Kisha mchoro ukamjia safi, hauna pini hata moja.

"Nilijua jicho langu halidanganyi. Lakini karatasi ilikuwa safi, nikashukuru. Nilitaka karatasi ndiyo iwe kweli, ili nisiwe mtu aliyemwangalia mkamwana wake."

Alilia bila kujifuta. Nilikuwa sijawahi kumwona analia, hata msibani. Aliniambia amelitafakari miaka yote, akalipima, na limebaki lake peke yake. Akasema kitu kimoja tu kinamsaidia kulala: kwamba mimi sina hatia, alinifundisha kazi, nikaifanya kwa uaminifu, na kama pale kwenye kioo hapakuonekana kitu, si kosa langu.

Akaunyoosha mkono mezani, akapapasa mpaka akaupata wangu.

"Ulichora ulichokiona. Si ndivyo?"

Nilikuwa na neno lile mdomoni tangu Sumbawanga. Nimelibeba juu ya lori, nimelibeba kutoka kituoni mpaka mlangoni kwake. Nikamtazama mzee yule, macho yake meupe yakinitafuta. Sijui mpaka leo kama nilimhurumia yeye au nilijihurumia mwenyewe.

"Ndivyo, baba," nikamwambia.

Akashusha pumzi ndefu, akaniachia mkono. Akasema haya basi, tule, ugali unapoa.